Kitabu Kinachofunguliwa Kulia

4 Mei

Dada,

Shikamoo. Najua miezi saba imepita na kwamba barua ya kwanza ilipaswa kutoka kwangu. Basi hii hapa, imetoka kwangu. Wifi yako anakusalimu. Watoto huuliza shangazi amepotelea wapi, nami huwajibu kwamba ana kazi nyingi, jibu ambalo mama yao hulisikiliza huku amenikazia macho.

Nimesikia habari za maktaba yenu. Wanasema kamati inataka kuiondoa rafu yako ya vitabu vya Kijapani, vyote sitini na kimoja, ivipeleke kiwanda cha kusaga karatasi, na darasa lako la Alhamisi lifungwe. Ni kweli? Na ni kweli kwamba wanatembea na makala yangu mkononi?

Tuelewane. Nilichoandika niliandika kwa dhamiri safi. Miaka ishirini na miwili nimepigana na uhakiki wa kuvishana vilemba vya ukoka, ule wa mtu kumsifu shemeji yake ili shemeji naye amsifu binamu yake. Wewe ulitafsiri kitabu, ukakijalidi kwa mikono yako nakala thelathini, ukaniletea moja. Ningefanya nini? Nikusifu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja? Niliandika "Hata dada yangu simsazi", na wasomaji walijaza sanduku la barua. Walisema hatimaye amepatikana mhakiki asiye na ndugu.

Hata hivyo nina ombi dogo. Nakala yangu siioni. Nadhani mpanga kurasa wetu wa gazetini aliichukua, na yule akishika kitu hakirudi. Kama imebaki moja, nitumie. Si kwa jambo lolote. Nataka tu niwe nayo.

Mdogo wako


13 Mei

Mdogo wangu,

Mvua zimeanza kupungua, na ukuta wa karakana unakauka kuanzia juu kwenda chini. Natumaini kifua hakikusumbui kipindi hiki. Mimi ni mzima.

Usicheke. Vitabu vyangu vinasema barua ianze na majira, ifuate afya ya anayeandikiwa, ndipo mtu aingie kwenye lake. Mwanzoni niliona ni kupoteza wino. Siku hizi naona ni kama kubisha hodi.

Marahaba. Ni kweli yote uliyosikia. Mwenyekiti wa kamati ni mstaafu wa idara ya maji, mtu asiyeamini kitu kisichopimika. Alisimama kikaoni akasoma makala yako yote, na ule mstari wa "kitabu kinachoanza na jeneza kikaisha na bibi harusi, kichwa chini miguu juu" akausoma mara mbili. Kisha akauliza: "Kama nduguye wa tumbo moja anasema hakina maana, sisi ni nani?" Wataamua Ijumaa, tarehe 30, saa nne asubuhi.

Hujawahi kuniuliza rafu ile ilianzaje. Miaka kumi na tisa iliyopita mhandisi mmoja Mjapani alimaliza daraja lake akaondoka, akatuachia makasha matatu ya vitabu. Yaliletwa karakana kwangu, kwa kuwa mimi ndiye fundi jalada wa maktaba, nivitie vitabu migongo mipya. Nikaanza kujifunza lugha kwa vya watoto, vyenye herufi ndogo za kusaidia kando ya zile kubwa, kama mtu anayemshika mtoto mkono kuvuka barabara. Mwaka wa nne nikaweza kusoma ukurasa mzima bila kamusi. Nililia siku hiyo, na fundi mwenzangu akadhani gundi imeniingia machoni.

Sasa darasani tuko sita: mimi, fundi cherehani, muuguzi, dereva mstaafu wa lori, na mama wawili wauza vitambaa ambao hawajakubaliana jambo lolote tangu niwafahamu. Hakuna hata mmoja wetu atakayefika Japani. Dereva husema, "Mwalimu, mimi huko nimeshafika, sema tu sijashuka."

Kitabu nakutumia. Kisome.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Jua limewaka hapa hadi lami inashika soli za viatu. (Unaona? Nami najifunza.) Natumaini macho yako hayachoki.

Nimekisoma tena. Nakiri kwamba katika kukisoma mara ya pili nimeona mengi ambayo mara ya kwanza yalinipita. Yule binti anayeolewa katika nyumba ya watengeneza karatasi, anavyotumbukiza mikono kwenye maji ya baridi kali kwa sababu karatasi nzuri hutengenezwa msimu ambao maji yanauma. Mama mkwe asiyemsifu hata siku moja, bali siku moja anamwachia ungo wake wa kuchekechea. Halafu yale mazishi ya binti mwenyewe mwishoni, ambapo kila aliyekuja amebeba kitu kilichoandikwa kwenye karatasi zake. Nilikiweka chini nikatoka nje nikasimama tu. Wifi yako akaniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia siafu.

Labda makala yangu ilikuwa na ukali uliozidi kidogo. Sisemi nilikosea; nasema mtu akisoma mara ya pili hukomaa. Hivyo leo asubuhi nimemwandikia Mwenyekiti wenu barua ya faragha, ya heshima, kumweleza kuwa rafu yako ni hazina. Jina langu lina uzito. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako


23 Mei

Kwa Mwandishi wa safu ya "Msumari",

Barua yako ya tarehe 20 imepokelewa na kusomwa.

Mwezi wa Oktoba uliwaambia wasomaji wote kwamba tafsiri ya fundi wetu haina kichwa wala miguu, na ukasisitiza kwamba unasema hivyo ingawa ni dada yako. Sasa unaniambia mimi peke yangu, kwa bahasha iliyofungwa, kwamba ni hazina. Kamati haiwezi kujua ni ipi kati ya sauti zako mbili ndiyo yako. Imeonelea ifuate ile uliyoitoa mbele za watu.

Ukiwa na la kusema, lisemee pale pale uliposemea la kwanza. Likitoka gazetini kabla ya kikao, nitalisoma kikaoni kwa sauti ile ile.

Mwenyekiti, Kamati ya Maktaba


24 Mei

Mdogo wangu,

Zenryaku. Ndilo neno wanaloanzia barua wasipokuwa na nafasi ya salamu. Maana yake, ya mwanzo nimeyaacha.

Mara ya pili, unasema. Ya kwanza ilikuwa lini?

Nilijua tangu siku gazeti lilipotoka. Uliandika kitabu kinaanza na jeneza. Kinaanza na bibi harusi, kwa sababu kinafunguliwa kulia, kama vitabu vyote vya kwao vya namna hii. Wewe ulifungua kushoto, ukasoma kurasa za mwisho ukidhani ni za kwanza, ukarukia upande wa pili ukachungulia kidogo, ukakaa kuandika. Namba za kurasa niliziandika kwa tarakimu zao, kwa hiyo hazikukusuta. Katikati hukufika kabisa. Mtu aliyesoma kurasa ishirini mfululizo angegundua kwamba watu wanakufa kisha wanaugua.

Darasa zima lilijua. Tulicheka hadi mama mmoja akashika mbavu, kisha mwenziwe akasema, "Lakini wataamini yeye," na kicheko kikakatika. Fundi cherehani alitaka kuliandikia gazeti. Mistari miwili tu ingetosha. Nilimkataza. Nilisema, huyo ni mdogo wangu, siwezi kumwaga unga wake.

Na hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine nimeikalia miezi saba. Nakala zote thelathini zilifungwa mshipi wa karatasi, kama wafungavyo wao, ukieleza kitabu kifunguliwe upande gani. Zote isipokuwa yako. Yako niliuvua kabla ya kutia kwenye bahasha. Nilitaka kujua kama kitabu changu utakisoma au utakifanya kama unavyovifanya vya wengine. Nakujua. Ulipokuwa shuleni nilikuwa nasoma vitabu vyako jioni, nikakusimulia asubuhi tukienda kisimani, nawe ukaingia kwenye mtihani na kinywa changu. Nilikuzoesha mwenyewe kula bila kutafuna. Halafu nikakuwekea mtego kuona kama utakabwa.

Cha kuchekesha ni kwamba kosa lako nililifanya kwanza mimi. Kitabu cha kwanza kutoka kwenye makasha yale niliona mgongo uko upande mbaya, nikasema fundi aliyekijalidi alikuwa amelewa, nikakikata nikakigeuza. Kiko rafuni mpaka leo, na kovu lake. Ila mimi sikuliandika gazetini.

Barua ya faragha siitaki. Andika hadharani, au nyamaza.

Kwa haraka,
Dada yako


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako na ya Mwenyekiti zilifika jana kwa pamoja, kama polisi wawili.

Ni kweli. Sikukisoma. Nimejua kabla hujaniambia, na hapo ndipo aibu yangu inapozidi. Aprili mpanga kurasa alikichukua kitabu mezani kwangu, akakigeuzageuza kama anavyofanya na kila kitu, akaniuliza mbele ya watu wanne, "Mzee, hivi hiki ulikisoma kutokea wapi?" Nikamwambia aangalie kazi yake. Akakichukua akaondoka nacho. Wiki mbili nikawa namkwepa kwenye ngazi, mimi ninayewaita mawaziri waongo kwa majina yao. Ndipo nikakuandikia ile barua ya "dhamiri safi". Nilikuwa natafuta kujua kama umegundua. Nilikutegea sikio.

Miaka ishirini na miwili nimewahukumu watu kwa kurasa kumi za mwanzo na tano za mwisho. Niliwaita wavivu. Niliwaita matapeli. Sijui wangapi.

Gazeti letu, kama unavyojua, hutoka Ijumaa, na ukurasa wangu hufungwa Jumanne mchana, yaani leo. Makala nimeimaliza asubuhi hii. Iko mbele yangu, maneno mia sita, hakuna hata moja la kujitetea. La mshipi sijaligusa. Hilo ni letu mimi na wewe. Ijumaa asubuhi utaisoma kabla ya kikao. Waambie na wanadarasa.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa sita mbele ya kibanda cha magazeti. Fundi cherehani alikuwa amevaa koti lake la harusi. Tulifungua ukurasa wako pale pale, barabarani. Ulikuwa umeandika juu ya mabango ya matangazo yanavyoharibu sura ya mji.

Dereva alisema labda kuna ukurasa mwingine. Tukatafuta hadi kwenye vifo.

Hakuna aliyenisema. Ndiyo maana iliuma. Nilikuwa nimewahakikishia kwa kinywa changu kwamba ukisema jambo umesema. Mama mmoja akanishika bega, yule mwenziwe akamwambia aniache, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana: wote wakaniacha.

Ni muuguzi aliyekumbuka sheria. Kitabu kilichoazimwa hakiwezi kufutwa kwenye daftari la maktaba mpaka kirudi. Kila kadi inachukua vitabu vinne. Kadi sita, vitabu ishirini na vinne. Maktaba ilifunguliwa saa tatu. Kikao saa nne. Nilikuwa na saa moja ya kusimama mbele ya vitabu sitini na kimoja nikichagua.

Nilichukua kamusi kubwa, na cha kufundisha kuandika barua, na vya watoto ambavyo mtu mpya anaweza kuanza navyo. Asili ya kitabu cha mtengeneza karatasi niliiacha, kwa sababu nilishaitafsiri, na nafasi yake nikampa mwandishi mwingine ambaye hajapata mtu wa kumsemea. Kile cha kwanza, nilichokikata mgongo, nilikishika mara mbili. Nacho nikakiacha. Dereva akaniuliza, "Mwalimu, una hakika?" Nikamwambia twende, dirisha la kuazima lina foleni.

Kamati iliamua kwa dakika ishirini. Jana lori lilikuja. Vitabu thelathini na saba vilitupwa ndani kwa mafungu, kama matofali. Dereva, ambaye maisha yake yote ni malori, aligeuka akaangalia ukuta.

Sikuulizi kwa nini. Nakuambia tu kilichotokea.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Nitaandika bila salamu, si kwa kuwa sina nafasi, bali kwa kuwa nadhani hata kile kitabu chako cha barua kingesema anayeomba radhi asijifiche nyuma ya hali ya hewa.

Jumanne ile nilitia makala mfukoni saa tano nikaenda kwa Mhariri. Ni mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemleta gazetini. Alikuwa amenyanyuka kunipokea. Akasema, "Mwalimu, watu wanataka Msumari wa mabango." Makala ya mabango ilikuwa ya akiba, ipo tangu mwezi uliopita. Hakunilazimisha. Hakujua mfukoni mna nini. Nilisema, sawa, ya mabango. Kisha nikaenda kula. Nilikula vizuri, Dada. Nikajiambia kwamba kamati itaahirisha, kwamba kamati zote huahirisha.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Si kingine.

Leo imetoka. Nakutumia ukurasa wenyewe. Inaanza hivi: "Oktoba mwaka jana nilihukumu kitabu ambacho sikukisoma. Nilisoma kurasa kumi za mwisho nikidhani ni za kwanza, nikachungulia tano za kwanza nikidhani ni za mwisho, kisha nikawaita wasomaji washuhudie jinsi nisivyompendelea dada yangu. Nilijua kosa langu tangu Aprili. Nilinyamaza. Kwa sababu nilinyamaza, vitabu thelathini na saba ambavyo watu wa mji mmoja walijifunzia nchi nyingine, herufi kwa herufi, vimesagwa." Mpanga kurasa aliiweka juu kabisa bila kuulizwa, akaniambia, "Hii nimeisoma yote, mzee." Mhariri amenipumzisha kwa muda ambao hakuutaja. Barua za wasomaji zimeshaanza kuja. Mmoja, mwandishi niliyemwita tapeli miaka tisa iliyopita, ameniandikia mstari mmoja tu: "Na changu?"

Nimekichukua kitabu chake dukani. Niko ukurasa wa arobaini.

Ungekuwa hapa ungeniuliza kama nataka unisamehe. Nataka. Nimeona niseme kuliko kukuacha ubahatishe.

Mdogo wako


13 Juni

Mdogo wangu,

Upepo umegeuka, na vumbi la mtaani linaingia karakana hata milango ikifungwa. Natumaini unapumua vizuri.

Mwenyekiti alibandika makala yako kwenye ubao, mahali pale pale ilipokuwa ile ya kwanza. Ni mtu wa kipimo. Hilo ndilo nililoshindwa kuliheshimu kwake mwanzoni. Alikuja karakana akasimama mlangoni akasema, "Fundi, tungeahirisha. Ningekuwa nayo mkononi, tungeahirisha." Kisha akasema rafu imeshapewa vitabu vya uhasibu. Akaondoka. Nilibaki na uzi mkononi, sikumbuki ulikuwa wa kitabu gani.

Watu kumi na mmoja wamekuja dirishani kuulizia vitabu vya Kijapani. Karani huwaambia vilivyobaki vyote vimeazimwa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Muuguzi amehamishwa, anaondoka tarehe 20, na kadi yake inafutwa siku hiyo. Vitabu vyake vinne vitarudi dirishani, na kamati imeshatoa amri: chochote cha rafu ile kikirudi, kisirudi tena rafuni. Kadi zetu tano zimejaa. Wale kumi na mmoja hawawezi kusaidia. Maombi yao ya kadi yanasubiri kikao cha Agosti. Lakini sheria inasema ndugu wa mfanyakazi hupewa kadi siku hiyo hiyo, akija mwenyewe, akisimama kwenye foleni, akitaja jina lake na kazi yake kwa sauti mbele ya karani. Mimi ndugu ninaye mmoja.

Karani ana ile makala. Ameikunja, ameiweka chini ya kioo cha dirisha. Watu watakutazama.

Fomu ni hii. Inataka mdhamini. Jana darasani tulilijadili. Muuguzi alisema hapana, akasema amewaona wengi wanaojuta wakiwa wamelala kitandani tu. Mama wawili walibishana, kwa hiyo mambo yamerudi kawaida. Dereva alisema, "Mwacheni aje, atusomee kwa sauti. Tutajua kama anaruka." Mwishowe fundi cherehani akavuta karatasi, akasaini kwenye mstari wa mdhamini. Hajawahi kukuona hata siku moja.

Kabla yake fomu ilikuwa mbele yangu. Nilishika kalamu, nikaisogeza kwenye karatasi, nikairudisha mezani. Sitaki uje ukidhani saini ile ni yangu.

Tarehe 20 ni Ijumaa. Dirisha linafunguliwa saa tatu.

Dada yako